Kibanda cha ishara cha reli si banda la kujikinga mvua

Wengi wanaoviona vibanda vya zamani vya ishara nchini Ireland, yaani vyumba vya kuongozea treni kando ya reli, hudhani vilijengwa ili mlinzi wa ishara asilowe, na kwamba ukipaka rangi na kubadilisha vioo umeshakihifadhi. Sivyo. Roho ya kibanda iko chini ya sakafu.

Juu, nyuma ya madirisha, zimepangwa nyenzo za chuma, yaani mikono ya kuvuta: nyekundu za ishara za kusimamisha, nyeusi za kuhamisha treni njia. Chini, vipande vya chuma huteleza na kuingia kwenye mapengo, vikifunga wenzo mmoja pale mwingine unapovutwa. Mlinzi akitaka kuruhusu treni mbili zigongane, wenzo unagoma. Baada ya ajali ya treni ya Armagh, kaskazini mwa Ireland, ya tarehe 12 Juni 1889, iliyoua watu wapatao 80, sheria ya mwaka huohuo ililazimisha treni za abiria kutumia mpango huu wa nyenzo kufungana, pamoja na breki za treni nzima.

Kwa hiyo kuhamisha nyumba ya mbao ya kibanda na kuuza chuma chakavu kilichomo, kwangu mimi, ni kuhifadhi ganda. Afadhali mbao zioze kidogo, nyenzo zibaki zikifungana.