Mashine haina nguvu kuliko pampu, jamani

Nimelisikia tena dirishani wiki hii: “Dokta, sisi pampu tumeshaipita. Mtoto wetu siku hizi anawekewa mashine.” Mama wa watu analisema kwa majonzi, ila na kafahari kadogo kamo humo ndani. Mimi si dokta, ni mfamasia, lakini hapa Mtwara ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta tu, na kwa hilo nilishaacha kubishana. Hili la mashine siliachi. Mashine ni nebulaiza, ile inayogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu wa kuvuta kwa maski; pampu ni inhela ya kubonyeza kwa mkono.

Vichwani mwa watu kuna ngazi. Chini kabisa vidonge, juu yake pampu, juu yake mashine, juu ya mashine mtungi wa oksijeni, na baada ya hapo ndugu wanaanza kupigiana simu. Ndiyo maana ukimpa mtu pampu mapema anaona umemtangazia msiba, na ukimpa pampu aliyewahi kuwekewa mashine anaona umemdharau. Ngazi hiyo haipo. Dawa iliyomo kwenye mashine na iliyomo kwenye pampu ya bluu ni ileile, salbutamoli, ya kufungua njia za hewa. Kinachotofautiana ni usafiri.

Tena kama hoja ni usasa, mashine ndiyo ya kizamani. Chombo cha kupasua dawa ya maji ikawa ukungu kilitengenezwa Paris na daktari Sales-Girons mwaka 1858, kikiendeshwa kwa mkono. Inhela ya kubonyeza ilikuja 1956 kutoka Riker Laboratories ya Marekani. Husimuliwa kwamba binti wa bosi wa kampuni hiyo, George Maison, alikuwa na pumu, akauliza kwa nini dawa yake isitiwe kwenye kopo kama lile la kupulizia nywele. Mtoto alikuwa na akili kuliko wateja wangu wengi, mnisamehe.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo huwa nakamatwa. Pampu ya bluu inatoa maikrogramu 100 kwa mpulizo. Kile kichupa cha plastiki kinachomiminwa kwenye kikombe cha nebulaiza kina miligramu 2.5 au 5, yaani maikrogramu 2,500 au 5,000. Mtu akishasikia hivyo anatabasamu: si umeona, hamsini kwa moja! Subiri kwanza. Hewa inasukumwa kwa kasi kwenye tundu dogo, inainyonya dawa na kuipasua. Matone makubwa yanagonga kizuizi yanarudi chini yakapasuliwe upya. Mwisho wa safari, karibu mililita nzima inaweza kubaki imeganda kwenye kuta za kikombe. Ukungu unaotoka wakati mgonjwa anatoa pumzi unaishia wodini, na nesi aliyesimama karibu anapata mgao wake. Mengine yanakwama mdomoni na kooni. Kinachofika chini mapafuni, vitabu vinaandika kama asilimia 10.

Hiyo asilimia 10 nayo siiamini sana. Ni ya mtu aliyetulia, maski imekaa sawasawa usoni. Mtoto anayelia anatoa pumzi ndefu na kuvuta kidogo kidogo, na mama kwa huruma ameishika maski mbali na uso, dawa inapita shavuni. Huyo anapata ngapi? Nimeshasimama pale nikitazama ukungu unavyoelekea dirishani na nikasema moyoni, hapa tunatibu pazia.

Suala ni ukubwa wa tone. Tone la kufika kwenye njia ndogo za hewa linatakiwa liwe kati ya maikroni 1 na 5, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una makumi ya maikroni. Likizidi hapo linagonga koo, likipungua sana linatoka na pumzi. Mkulima wa korosho ananielewa hapa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Anajua salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado na upepo umelala, na anajua unga ulioganda madonge unaanguka chini ya mkorosho huku ugonjwa wa ubwiriunga unaendelea kula maua. Sijawahi kumsikia mtu wa Newala akisema salfa ya mashine kubwa ina nguvu kuliko salfa ya mashine ndogo. Akija kwangu na kifua ndipo anasahau yote. (Na msimu wenyewe wa salfa, kuanzia mwezi wa sita hivi, ndio foleni ya vifua inarefuka. Wenye pumu, mwacheni mwingine apulize. Kitambaa cha puani hakitoshi.)

Kwa hiyo: pampu, ikiwa na spesa (chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo), kwa shambulio ambalo si la kuhatarisha maisha, inafanya kazi sawa na mashine. Mtu mzima na mtoto mkubwa hupewa mipulizo 4 hadi 10, mtoto wa chini ya miaka 6 hupewa 2 hadi 6, na mpulizo ni mmoja mmoja, si kuimimina yote kwa pamoja kama watu wanaozima moto. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio mengi yalikuta kulazwa hakutofautiani, na watoto waliotumia spesa walikaa muda mfupi zaidi kwenye chumba cha dharura na mapigo yao ya moyo hayakupanda sana kama ya wenzao wa mashine. Soma tena hapo kwenye mapigo ya moyo.

Maana hicho ndicho kiini cha udanganyifu wote. Mtu anatoka kwenye mashine mikono inatetemeka, moyo unadunda, anasema “leo imeingia.” Imeingia kweli, kwenye damu. Kutetemeka ni dawa iliyopita njia na kwenda kwenye misuli na moyo ambako hakuna aliyeiita. Sisi tunasoma madhara, yeye anasoma nguvu.

Halafu kuna hili ambalo linaniudhi kuliko yote. Mgonjwa amefika hospitali kwa bodaboda usiku, kifua kinapiga filimbi. Anakalishwa wima. Anawekewa nebulaiza inayoendeshwa na oksijeni, kwa hiyo oksijeni tayari anaipata. Anapewa na vidonge vya prednisoloni, au sindano ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ambazo zinaanza kazi baada ya saa kadhaa. Nesi amekaa naye, anamwambia pumua taratibu, hofu inashuka. Asubuhi anaamka mzima. Anamshukuru nani? Mashine! Prednisoloni haitajwi. Haina mlio, haitoi ukungu, haina waya. Anaenda nayo nyumbani kwenye karatasi ya kaki, anameza siku mbili, anaacha kwa sababu “nilishapona kwa mashine.”

Na hiyo pampu anayoilinganisha na mashine, ameitumiaje? Mwambie akuoneshe. Haitikisi. Anabonyeza, kisha anavuta. Mwingine anavutia puani huku pampu iko mdomoni, wingu jeupe linatokea pembeni ya midomo. Mzee mmoja wa Mikindani, shikamoo yake, alikuwa anapulizia kifuani juu ya ngozi na kusugua. Huyo akisema pampu haina nguvu, mimi namkubalia kabisa.

Ndiyo maana ya spesa: inalikamata wingu, matone makubwa yanabaki kwenye kuta zake, mgonjwa anavuta kwa wakati wake. Kama spesa haipatikani au bei imekushinda, kuna chupa ya maji ya nusu lita. Sitanii. Heather Zar na wenzake kule Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1999: chupa ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pampu ilipoingia, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki ya povu kilifanya vibaya. Unatoboa kwa waya uliopashwa moto, tundu lifuate umbo la mdomo wa pampu, la duaradufu si la duara, kisha unaziba ukingoni kwa gundi au plasta hewa isivuje. Mdomo wa chupa ndio mdomo wa mgonjwa. Mpulizo mmoja, pumzi tano sita za kawaida, unatikisa pampu tena, unarudia.

Hapa pia kuna ugomvi wangu na usafi wa watu wa Pwani. Tafadhali usiikaushe chupa wala spesa kwa khanga! Plastiki ikisuguliwa inapata umeme wa kunata, dawa yote inakimbilia ukutani na mtoto anavuta hewa tupu. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, usisuuze wala kufuta kwa nguvu, weka ikauke yenyewe. Ikionekana ina madoa ya sabuni, sawa tu, hiyo ndiyo tunayoitaka. Mama anaona aibu kwamba chombo haking'ai. Kisipong'aa, kinafanya kazi.

Mtoto mdogo wa miaka miwili au mitatu hawezi kubana midomo kwenye chupa, na hapo chupa inanishinda. Anahitaji maski iliyokaa usoni, na maski ndogo ndizo zinazosumbua kupatikana. Hapo mashine ya kituoni inabaki kuwa jibu, ingawa kwa sababu ambayo si nguvu.

Wakati wa mashine bila mjadala: mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, mbavu za mtoto zinaingia ndani, au kifua kilichokuwa kinapiga kelele kimenyamaza ghafla huku mgonjwa amelegea. Hapo usisome blogu, nenda hospitali, na uendelee kumpulizia pampu njiani.

Baada ya mnada wa korosho huwa napata wateja wa aina ya pekee. Mmoja aliniletea mashine aliyoagiza mtandaoni, nzuri, ina taa ya bluu inayobadilika kuwa ya zambarau, akaomba sharubati ya salbutamoli ya kumimina humo. Kilikuwa ni chombo cha kutia unyevu na manukato sebuleni. Kinatikisa maji yakawa ukungu, basi, na kila kilichomo kwenye maji, chumvi na vijidudu, kinaruka nao. Sharubati ina sukari, haivutwi mapafuni hata kwa dharura. Hata aliye na nebulaiza halisi asiongeze maji ya kisima wala ya chupa: maji matupu yakivutwa hubana njia za hewa za mwenye pumu. Kinachotumika ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyo safi. Kikombe kioshwe kila baada ya matumizi, kikauke. Na umeme ukikatika, mashine yako ni pambo.

Kujifukiza sina mengi. Pua ikiziba kunaweza kukupa ahueni, pumu hapana, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri.

“Lakini pampu inaharibu moyo.” Haya. Kidonge kimoja cha salbutamoli ni miligramu 4. Hiyo ni mipulizo 40, na yote inapita kwenye damu. Anayeogopa moyo na huku anameza vidonge hivyo asubuhi na jioni, tukae chini tuongee.

Ila ningekuwa na nafasi ya kugombana kwa jambo moja tu, lisingekuwa mashine wala bluu. Lingekuwa pampu ya kahawia, ya steroidi, ile inayotuliza uvimbe wenyewe ndani ya njia za hewa. Bluu inafungua mlango kwa saa chache. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA hautaki mtu mzima wala kijana atibiwe pumu kwa bluu peke yake. Kahawia inapulizwa kila siku, hata siku ambayo kifua ni cheupe, kisha unasukutua mdomo na kutema usiote utando mweupe. Haimpi mtu mtetemo, haimpi ahueni ya papo hapo, kwa hiyo anaiona maji. Na niseme ukweli, ninapomsisitizia mtu asiiache, moyo wangu haujatulia, maana mara nyingi mwezi unaofuata bluu ninayo rafuni na kahawia sina, naye atanunua kwa fedha yake au ataacha. Anayeacha namwona tena, safari hii akiomba mashine.

Kopo la pampu lina mipulizo 200. Usilitumbukize kwenye maji uone kama linaelea, haisemi kitu. Andika tarehe uliyoanza kwa kalamu juu ya kopo, piga hesabu. Na ukija dirishani njoo nayo pampu yako, nataka nikuone unavyoivuta kabla sijakupa nyingine.