Asilimia 2 siyo bajeti ya zahanati

"Halmashauri imeshatutengea asilimia 2, tukidai zaidi tutaonekana wasumbufu." Nimeisikia Bahi, Kongwa, Chamwino na hapa mjini Dodoma, tena kutoka kwa viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu. Naomba tuelewane.

Hiyo asilimia 2 inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ni mkopo. Hauna riba, lakini unarejeshwa. Unakopa ukafuge kuku au ukafungue genge.

Kitanda cha kujifungulia kinachoshuka, choo kinachoingia kiti mwendo, mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, mafunzo ya lugha ya alama kwa wauguzi: hayo mahali pake ni Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kila shughuli humo ina kiasi cha fedha na chanzo chake. Kwa hiyo ukikutana na wakubwa usiulize kama wanatujali. Uliza shughuli ipi, shilingi ngapi, na mpaka robo hii zimetumika ngapi. Wakikujibu kwamba mmejumuishwa kwenye "makundi maalumu", usiinuke kitini. Makundi maalumu hayana bei. Njia ya mteremko inayo. Bila bei hiyo kwenye mpango, mama aliyepooza miguu anabebwa na watu wawili kupandishwa kitandani, uchungu umeshika, huku mlinzi wa getini ndiye mmoja wa wabebaji. Muuguzi wa zamu hawezi kununua kitanda ambacho hakimo kwenye mpango.

Wengine husema mpango ni siri ya Mganga Mkuu wa halmashauri. Hapana. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa halmashauri siku 30 kukujibu. Andika barua ya kuuomba mpango, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujaandika kitu.

Wakikuambia, "Hilo ni la ustawi wa jamii," wajibu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inazungumzia huduma za afya na utengamao (kumrudishia mtu uwezo wa kujimudu) waziwazi.

Na wenzetu husema, "Tusubiri Julai, mwaka wa fedha uanze." Julai mosi fedha zinaanza kutumika, mpango umeshafungwa kitambo. Mahitaji huanzia kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati au kituo chenu cha afya, miezi mingi kabla. Mtafuteni mwenyekiti wake mavuno yakiisha, mkiwa na orodha yenye bei.