Kipindupindu: nani ahesabiwe mhisiwa?

Mhisiwa wa kipindupindu, yaani anayedhaniwa kuwa na ugonjwa huo, ni nani hasa?

Inategemea kama mlipuko umeshatangazwa kwenye eneo lenu. Kabla haujatangazwa, mhisiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi aliyeanza ghafla kuhara majimaji na kupungukiwa sana maji mwilini, au aliyefariki kwa kuhara huko. Watoto wadogo zaidi hawaingizwi hapo kwa sababu huhara mara kwa mara kutokana na mambo mengine, hasa virusi vya rota.

Mlipuko ukishatangazwa, wigo unapanuka: yeyote anayehara majimaji kwa ghafla anahesabiwa, wa umri wowote, hata kama amekuja zahanati kwa miguu yake. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaendelea kumsubiri mgonjwa aliyelegea, macho yamedidimia, na mwenye dalili nyepesi anarudishwa nyumbani na vidonge vya tumbo. Kinyesi chake kina vimelea vilevile, na choo cha kwao huenda kiko hatua chache kutoka kisimani.

Kuhara majimaji ni kupi?

Choo laini sana au cha maji, kisicho na damu, mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Msingoje kile cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Wagonjwa wengi hawakifikii. Kutapika ni kawaida lakini si sharti. Homa kali au damu kwenye choo huelekeza kwenye ugonjwa mwingine, na mgonjwa huyo naye apelekwe kituoni.

Nitajuaje maji yamepungua sana?

Bana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Tazama pia macho yaliyodidimia, kulegea, au kushindwa kunywa. Huyo anahitaji dripu mara moja, kwani anaweza kufariki ndani ya saa chache.

Tusubiri majibu ya maabara?

Hapana, tafadhali. Anza kumpa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) papo hapo, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi, na umpe njiani pia. Kama hakuna pakiti: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 1, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto aendelee kunyonya.

Sampuli ya choo ichukuliwe kabla ya antibiotiki, la sivyo bakteria wanaweza wasioteshwe hata kama wapo. Ikiwa kwenye chombo cha Cary-Blair (chenye kihifadhi cha kusafirishia sampuli) isiwekwe kwenye friji. Kipimo cha haraka kikionyesha hasi, hakimwondoi mtu kwenye orodha ya wahisiwa. Uthibitisho ni wa kuotesha bakteria maabara au PCR (kipimo cha vinasaba).

Kwenye daftari tuandike nini?

Umri, jinsia, mtaa au kitongoji, anakochota maji, na tarehe dalili zilipoanza. Wengi huandika tarehe ya kufika kituoni, na chanzo kinatafutwa siku zisizo zake. “Temeke” peke yake haitoshi; timu haiwezi kukifikia kisima kwa jina la wilaya.

Wa nyumbani kwa mgonjwa je?

Waangaliwe kwa siku 5 tangu walipokuwa naye mara ya mwisho, kwa kuwa dalili huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kuambukizwa. Atakayeanza kuhara anapewa ORS na kupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Kwa Tanzania, taarifa hutolewa bure kwa kupiga 199.