Unaacha mirungi au kokeini na wasiwasi umekushika: dawa utakayoandikiwa, na kwa nini huenda isiwe valiamu

Kampeni za Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, tarehe 26 Juni, zikishapita, foleni ya kliniki yetu ya afya ya akili hurefuka. Hilo ni jambo jema na wanaokuja tunawapongeza. Ila pamoja nao huja malalamiko, na safari hii mengi yameelekezwa kwenye dirisha la dawa: "Nimeacha kokeini, silali, moyo unakwenda mbio, nimeomba valiamu nimenyimwa. Mnataka nirudie?" Swali hilo la valiamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hujibiwa dirishani kwa haraka, wakati mwingine kwa ukali usiostahili, hivyo uongozi wa kitengo umeniomba nilitolee ufafanuzi kama mfamasia.

Kwanza tuelewane kuhusu mirungi. Mgonjwa akiulizwa kama amewahi kutumia dawa za kulevya, anajibu hapana. Akiulizwa mirungi, anasema, "Hiyo natafuna tu nikiwa safarini." Ndugu zangu, mirungi ina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Kwamba ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao halali linalouzwa sokoni mchana kweupe, hakubadilishi inachofanya kichwani mwa mtu, wala hakubadilishi sheria ya hapa kwetu Tanzania, inayoikataza. Dereva wa lori aliyetafuna miaka kadhaa ili asilale barabarani, kisha akaacha, anapita njia ileile ya aliyeacha kokeini au metamfetamini, hata kama si kwa ukali uleule. Akituficha, tunamtibu mtu mwingine kabisa.

Njia yenyewe iko hivi. Vichangamshi, yaani mirungi, kokeini na jamii yake, huulazimisha ubongo kumwaga kwa wingi kemikali zinazoleta raha, nguvu na umakini. Vikiondoka, siku za mwanzo mtu hulala mno, hula mno, hana hamu ya chochote. Baadaye usingizi unakatika, ndoto mbaya zinaanza, hasira ziko karibu, na wasiwasi unapanda bila sababu inayoonekana. Kwa wengi hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Kwa wengine haipungui, kwa sababu ugonjwa wa wasiwasi ulikuwapo kabla, na huenda ndio uliowapeleka kwenye kichangamshi au pombe. Kuwatofautisha hawa wawili siku ya tatu baada ya kuacha ni kazi ngumu hata kwa daktari bingwa. Ndiyo maana utaambiwa urudi, upimwe tena, na kwa kawaida uamuzi wa dawa ya muda mrefu husubiri hadi wiki nne hivi bila kutumia. Utapimwa pia tezi ya shingo, wingi wa damu na moyo, maana navyo huleta mapigo ya kasi na kutetemeka. Kusubiri huku wananchi hukuita kuzungushwa.

Sasa valiamu, yaani diazepamu. Inatuliza ndani ya muda mfupi, na kwa mtu anayetoka kwenye uraibu ubaya wake uko papo hapo. Ubongo uliozoea kupewa nafuu ya haraka hujifunza upesi kuidai kwa kidonge. Ikitumiwa kila siku, utegemezi unaweza kuanza ndani ya wiki chache, ndiyo sababu miongozo ya tiba huielekeza kwa muda mfupi, kwa kawaida isizidi wiki mbili hadi nne. Wapo waliokuwa wakitafuna mchana na kumeza valiamu usiku ili washuke. Hao wakiandikiwa valiamu wameachishwa nusu tu. Dawa yenyewe hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo dereva wa bodaboda aliyeimeza jana usiku anaweza kuwa barabarani leo akiwa bado mzito. Ikichanganywa na pombe, heroini, tramadoli (dawa ya maumivu) au methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini), inaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa usingizini.

Haina maana kwamba mtu mwenye historia ya uraibu haruhusiwi kabisa. Wodini, kwa mgonjwa aliyechachamaa au anayetoka kwenye pombe kali, tunaitumia, tena inaokoa maisha. Tofauti ni kwamba pale ipo mkononi mwa muuguzi, kwa siku zinazohesabika.

Na hapa naomba usomaji wa makini. Kama tayari unameza valiamu au lorazepamu, dawa ya jamii hiyohiyo, kila siku, hata kama uliinunua kwa njia za panya, USIIACHE GHAFLA baada ya kusoma makala hii. Kuikata mara moja kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Njoo, tutaipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi.

Badala yake utaandikiwa nini? Mara nyingi sertralini au fluoksetini. Hizi ni dawa za sonona zinazotibu pia wasiwasi, na hazileti ile raha ya haraka inayomrudisha mtu kwenye uraibu. Huanza kwa dozi ndogo, na huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi. Wiki ya kwanza wasiwasi unaweza hata kuzidi kidogo. Tunalisema hili kila siku, na kila siku mtu huacha dawa siku ya tano akisema haifanyi kazi. Kama bado unatumia kokeini, metamfetamini au tramadoli, sema kabla ya kumeza, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kusababisha joto kali la mwili, jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Propranololi hutuliza mapigo na mtetemo, lakini si kwa mwenye pumu, na kwa anayeendelea na kokeini inahitaji tahadhari kubwa. Amitriptilini inapatikana kwa urahisi na husaidia usingizi, ila dozi ikizidi ni hatari kwa moyo, kwa hiyo tukikupa utapewa kidogo kidogo.

Wanaoomba methadoni waelewe kwamba huduma hiyo, iliyoanza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na kusambaa mikoani, ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu mirungi wala kokeini. Kwa vichangamshi hakuna kidonge cha kuondoa uraibu. Tiba yenye nguvu ni ya ushauri na mazoezi ya kubadili tabia, na tiba hiyohiyo ya mazungumzo hufanya kazi kwenye wasiwasi. Wengi huikimbia wakisema hawakuja kupiga soga.

Kuhusu utaratibu. Diazepamu imo katika jedwali la nne la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na hapa nchini ni miongoni mwa dawa tiba zenye asili ya kulevya. Kwetu cheti cha dawa anachoandika daktari lazima kiwe na jina kamili na umri wa mgonjwa, tarehe, jina la dawa na nguvu yake, namna ya kumeza, idadi ya vidonge kwa tarakimu na kwa maneno, jina la mwandikaji, namba yake ya usajili, saini na muhuri. Kikikosa kimojawapo, mfamasia atakirudisha. Hafanyi ukorofi. Kila kidonge kinaingizwa kwenye rejista, na wakaguzi wakija, rejista na kabati lazima vikubaliane. Picha ya cheti kwenye simu haipokelewi, na cheti kilichokwisha kutolewa dawa hakitumiki tena. Vidonge vikiisha kabla ya tarehe, hata kama vimeibiwa au vimelowa, unarudi kwa daktari.

Kumgawia jirani dawa iliyoandikwa kwa jina lako usikuchukulie kama wema mdogo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, ya mwaka 2015, ina adhabu zinazofika miaka 30 jela kwa kusafirisha au kuuza, na kifungo cha maisha kwa viwango vikubwa. Kila shauri huamuliwa na mahakama kwa mazingira yake, nami si mwanasheria, ila "sikujua" si utetezi wa kuutegemea. Kughushi cheti ni kosa la jinai linalojitegemea.

Hofu kubwa niisikiayo ni kwamba ukimwambia daktari ulitumia, ataita polisi. Historia yako ya matibabu ni siri, isipokuwa pale sheria au amri ya mahakama itakapotaka vinginevyo. Kipimo cha mkojo tunachokuomba ni cha kuchagua dawa salama. Njoo na vidonge vyote unavyomeza, hata vya kienyeji, na useme mara ya mwisho kutumia ilikuwa lini, pombe unakunywa kiasi gani, kama una pumu au ujauzito. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Haiwezekani mtu anywe makopo matatu kwa siku halafu alalamike kwamba moyo unadunda.

Wenzangu watoa huduma nao nawaambia: "ulijitakia mwenyewe" si utambuzi wa ugonjwa. Mgonjwa akikosa valiamu, aondoke na tarehe ya kurudi na jina la mtu wa kumwona.

Ukipata mawazo ya kujidhuru, ukisikia sauti au kuona watu wanakufuatilia, usingoje zile wiki nne wala siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo, ukiwa na ndugu ikiwezekana. Na ukiteleza ukatumia tena, tarehe yako ya kliniki inabaki palepale. Unachotakiwa ni kumweleza mhudumu kabla ya kumeza dozi inayofuata.