Modeli ya gari ya skeli ni nini, na kwa nini mafundi wake wengi leo wana mvi

Modeli ya gari ya skeli ni gari dogo lililotengenezwa kwa kufuata vipimo vya gari la kweli, kila sehemu ikiwa imepunguzwa kwa kiwango kilekile. Skeli yenyewe ni ileile ya somo la ramani. Ukiona 1/24 kwenye boksi, ujue kila sentimita 1 ya modeli inawakilisha sentimita 24 za gari lenyewe. Gari lenye urefu wa mita 4.5 likitengenezwa kwa skeli hiyo linakuwa na karibu sentimita 19. Kwa 1/43 linabaki na sentimita 10 na nusu hivi, na kwa 1/64 ni sentimita 7 tu, unalifumba kiganjani.

Kigari cha kuchezea kinaweza kuwa na tairi kubwa kuliko mlango, na mtoto akafurahi nacho vilevile. Modeli haina uhuru huo. Kitasa cha mlango, taa za nyuma, upana wa tairi, vyote vinafuata skeli moja, na mtu anayelijua gari hilo barabarani ataliona kosa la milimita moja kabla hujamwonyesha.

Modeli ziko za aina mbili. Kuna zinazouzwa zikiwa zimekamilika, mara nyingi za chuma, kama Matchbox za Uingereza zilizoanza 1953 na Hot Wheels za Marekani zilizoingia sokoni 1968. Na kuna zinazouzwa zikiwa vipande, ambapo mnunuzi ndiye fundi. Ninazungumzia hizi za pili, za kuunganisha mwenyewe, kwa sababu kupanda na kushuka kwake kunafuata jambo moja ambalo watu hawalitaji sana. Vijana hujenga modeli ya gari pale ambapo gari lenyewe ni ndoto yao, na pale wanapoweza kulielewa kwa macho na mikono. Gari likitoka kwenye ndoto, boksi la vipande nalo linabaki dukani.

Kwanza tuione kazi yenyewe. Boksi la kawaida lina bodi iliyotoka nzima kwenye kalibu, chasisi, injini, viti, dashibodi, vioo vya plastiki angavu, tairi za mpira na stika za kulowekwa majini. Vipande vidogo vimeshikizwa kwenye fremu za plastiki. Unavikata kwa koleo ndogo, unalainisha kovu kwa msasa, unavijaribisha kwanza bila gundi. Gundi yake haishiki juu juu: inayeyusha plastiki ya pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana tone moja likidondokea kioo cha mbele, kioo hicho hakisafishiki tena. Rangi ya bodi ndiyo mtihani mkubwa. Inapigwa tabaka nyembamba juu ya nyingine, kwa sababu rangi nene inaziba mistari ya milango, na kwa 1/24 mistari hiyo haifiki hata upana wa milimita moja. Kisha unasubiri ikauke. Kusubiri huko kunaweza kuchukua siku kadhaa, na naamini hapo ndipo wengi wanapoachia njiani.

Ustadi huu ulipata umaarufu wake mkubwa Marekani, na sehemu kubwa ya chimbuko lake ni Detroit, mji wa viwanda vya magari. Mwaka 1948 wakili mmoja aitwaye West Gallogly alianzisha kampuni ya AMT, kifupi cha Aluminum Model Toys. Kazi yake haikuwa kuwauzia watoto. Alitengeneza magari madogo ya skeli ya 1/25 kwa ajili ya wauzaji wa magari mapya, ili mteja aone umbo na rangi za gari, na mwanawe aondoke na kitu mkononi. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni nyingine ya mji huohuo, Jo-Han, ilikuwa imeanza. Kwa kuwa kampuni hizi zilifanya kazi na watengenezaji wa magari wenyewe, vigari vyao vilifuata michoro halisi ya kiwandani, na usahihi huo ukawa msingi wa yote yaliyofuata.

Mwaka 1958 AMT ilifanya jambo lililobadilisha mambo: iliuza vipande vya magari ya mwaka uleule, na kila boksi lilikuwa na njia tatu za kulijenga gari. Unaweza kulijenga kama lilivyotoka kiwandani, ukaligeuza kwa mtindo wako, au ukaliandaa kwa mashindano. Bei ilikuwa chini ya dola 2, kiasi ambacho kijana aliyegawa magazeti aliweza kukipata kwa jasho lake. Revell ya California na Monogram ya Chicago nazo zilikuwemo. Maboksi haya hayakuhitaji duka maalumu. Yaliuzwa kwenye maduka ya dawa na maduka ya vitu vya rejareja, mahali ambapo mtoto angepita tu akitumwa.

Tazama ilivyoshikana. Katika miaka ile kampuni za Marekani zilibadilisha sura za magari karibu kila mwaka. Kila Septemba na Oktoba magari mapya yalifika kwa wauzaji, na mtaa mzima ulijua. Taa za nyuma za Chevrolet ya 1959 hazikufanana na za 1958, na kijana wa miaka 12 aliweza kukutajia tofauti zote. Boneti ya gari la kweli ilifunguka, na ndani kulikuwa na injini unayoiona yote: kabureta, mkanda wa feni, nyaya za plagi. Baba yake au kaka yake aliirekebisha mwenyewe Jumamosi. Kwa hiyo kujenga modeli hakukuwa kujifungia chumbani mbali na dunia. Kulikuwa kujiandaa kwa gari ambalo kijana huyo angelinunua akifika miaka 16 au 18.

Kampuni ya magari ya General Motors ilielewa hivyo mapema. Kupitia Fisher Body, idara yake ya kutengeneza bodi, iliendesha shindano la Fisher Body Craftsman's Guild kuanzia 1930 hadi 1968. Mwanzoni wavulana walijenga gari dogo la kukokotwa na farasi la enzi za Napoleon. Kuanzia 1937 waliruhusiwa kubuni gari lao wenyewe na kulichonga kwa mkono, kwa skeli ya 1/12, na washindi walipewa fedha za masomo ya chuo. Chuck Jordan alishinda mwaka 1947. Mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa General Motors anayesimamia ubunifu wa magari yote. Lakini shindano hilo lilikuwa la wavulana tu. Matangazo na picha za kwenye maboksi zilikuwa hivyo pia, kijana wa kiume na baba yake. Wasichana waliokuwa na macho na mikono ya kazi hiyo walifungiwa mlango, na hasara yake inaonekana hadi leo kwenye maonyesho ya modeli, ambako wanawake ni wachache mno.

Umaarufu ulianza kushuka kwenye miaka ya 1970, na hapa watu wana haraka ya kuilaumu michezo ya video. Michezo hiyo ilichangia kweli, lakini ilikuta nyumba imeshaanza kubomoka. Bima na sheria za moshi zilikuwa zimeyadhoofisha magari yenye injini kubwa za silinda nane (V8) ambayo vijana waliyaota. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipandisha bei ya petroli, na plastiki, ambayo nayo inatokana na mafuta, ikapanda. Magari mapya yaliacha kubadilika sura kila mwaka. Gundi ilikuwa imeingia doa: baadhi ya vijana waliivuta, hadi kampuni ya Testor mwaka 1969 ikaongeza mafuta ya haradali yenye kuwasha pua ili kuwazuia. Mzazi aliyesikia habari hizo hakuwa na hamu tena ya kumnunulia mwanawe gundi na rangi. Mwaka 1978 AMT ikauzwa kwa Lesney ya Uingereza, watengenezaji wa Matchbox, na mwaka 1986 Revell na Monogram zikaunganishwa. Soko lililolisha kampuni nyingi sasa lilitosha chache.

Japani ilikuwa na wakati wake. Tamiya ya mji wa Shizuoka, iliyoanza 1946 kama biashara ya mbao, ilitoa modeli yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1960, nayo ilikuwa meli ya kivita. Mwaka 1967 ikatoa gari la mashindano la Honda RA273 kwa skeli ya 1/12. Alipotaka kutengeneza modeli ya Porsche 934, ambayo ilitoka 1976, Shunsaku Tamiya wa kampuni hiyo alinunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua vipande vipande ili wachoraji wake wapime kila kitu. Muda uleule ambao vijana wa Marekani walikuwa wanaondoka, watoto wa Japani walikuwa wanasimama kando ya barabara na kamera wakivizia Lamborghini ipite. Baadaye walikuja waliopenda Nissan Skyline na magari ya rally. Kila kundi lilijenga gari lililopita mbele ya macho yake likiwa na miaka 10 hadi 15.

Na Japani hiyohiyo inatupa ushahidi kwamba vijana hawakuchoka kuunganisha vipande. Kampuni ya Bandai ilianza kuuza modeli za roboti za katuni ya Gundam mwaka 1980, na hadi leo imeuza mamia ya mamilioni ya maboksi, vijana wakiwa miongoni mwa wanunuzi. Vipande vya siku hizi vinakuja vikiwa na rangi tayari na hubanana bila gundi. Uvumilivu wa kukata na kulainisha upo. Kilichobadilika ni kitu wanachokipenda.

Afrika Mashariki haikuwa na maboksi haya kwa wingi, lakini waliokua na magari ya waya wanaijua hamu yenyewe: waya uliokunjwa ukawa bodi, kandambili zilizokwisha zikakatwa zikawa tairi, na usukani mrefu wa kumwezesha mtoto kulisukuma akiwa amesimama. Gari la waya halifuati skeli. Hata hivyo mtoto alijenga lori na basi, si gari lolote tu, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopita kijijini kwake na vumbi likabaki hewani. Sheria ni ileile ya Detroit.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 waliokuwa watoto Marekani katika miaka ya 1960 walianza kurudi, sasa wakiwa na mishahara. Wanachokitaka ni magari yaleyale ya ujana wao. Hili lina uzito mkubwa kwa sababu ya gharama za kalibu. Kalibu mpya ya chuma ya modeli moja inakula fedha nyingi sana, kwa hiyo kampuni huchagua gari ambalo ina hakika litanunuliwa, na wanunuzi wa hakika ni wazee. Matokeo yake rafu za Marekani zimejaa magari ya 1957 hadi 1972, mengine yakitolewa na Round 2, wamiliki wa sasa wa AMT, kutoka kwenye kalibu za zamani na picha zilezile za boksi. Bei sasa ni makumi ya dola. Kijana anayeingia dukani haoni gari hata moja alilowahi kupanda. Mimi naona hili ndilo tatizo kubwa la fani hii, kubwa kuliko simu.

Kwa Wajapani, kumbukumbu za wazee zimetuletea sisi zawadi. Hasegawa imetoa kwa 1/24 Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Beemax nayo imetoa Toyota Celica iliyoshinda Safari ya 1985 mikononi mwa Juha Kankkunen. Gari lililopita kwenye matope ya Kenya sasa linajengwa mezani Osaka na Berlin.

Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mauzo ya modeli yalipanda sehemu nyingi, na baadhi ya walionunua wakati ule hawakuacha. Mchapo wa 3D nao umefungua njia ambayo kalibu iliifunga. Mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kuchora rimu, siti au bodi nzima ya gari ambalo hakuna kampuni ingelithubutu, akalichapa kwa utomvu maalumu kwa skeli anayoitaka. Miongoni mwa wanaofanya hivyo wapo vijana, na kwao kuchora kwenye skrini ni sehemu ya ufundi kama vile msasa ulivyokuwa kwa baba zao.

Kampuni inayonipa matumaini zaidi ni Aoshima, nayo ya Shizuoka. Badala ya kukimbilia magari ya kifahari peke yake, imetoa kwa 1/24 Toyota HiAce na hata Toyota Probox, magari ya kubebea watu na mizigo yanayofahamika Nairobi na Dar es Salaam kuliko Ferrari yoyote. Ina pia mfululizo wa 1/32 usiohitaji gundi wala rangi, wenye magari kama Suzuki Jimny, ambao mtoto anaweza kuumaliza kwa alasiri moja. Anayetaka kuanza, na hasa anayetaka kumwanzishia binti yake, aanzie hapo: gari dogo la bei ya chini, lenye sura ambayo mtoto ameiona asubuhi hiyohiyo akienda shule.