Prowess si "uwezo"

Juzi nimehariri tafsiri nyingine iliyogeuza neno la Kiingereza *prowess* kuwa "uwezo". Nilipomuuliza mfasiri, akanijibu kwamba kamusi ndivyo isemavyo. Kosa hili nimelifuta mara nyingi mno kulinyamazia tena.

Uwezo ni *ability*. Mtoto mchanga ana uwezo wa kujifunza lugha yoyote duniani, lakini *prowess* hana hata chembe, kwa sababu hajafanya kitu. *Prowess* ni ustadi uliokwisha kujionyesha mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana huandamana na vitenzi kama *show*, *demonstrate* na *boast*, na mara nyingi hutanguliwa na kivumishi kinachotaja uwanja wenyewe: *military prowess*, *sporting prowess*, *academic prowess*. Ukiandika *prowess to lead* umekosea. Mwenye kufuatwa na *to* na kitenzi ni *ability*. *Prowess* mara nyingi hutaka *in*, *at* au *as*: *prowess in battle*, *prowess as a hunter*.

Matamshi: mkazo uko silabi ya kwanza. Wingi: usiutafute, kwa matumizi ya leo haihesabiki. Na ile *-ess* ya mwisho si ya kike kama ya *princess*, wala si dalili ya wingi. Imetoka kwenye Kifaransa cha kale, *proesse*, na ndugu zake ni *largess* na *duress*. Ndugu mwingine ni *riches*, ambalo lilikuwa umoja, *richesse*, hadi Waingereza wenyewe wakalidhania wingi kwa sababu ya sauti ile ya mwisho.

Linaloniudhi hasa ni kwamba "uwezo" unafuta historia yote ya neno. *Proesse* lilitokana na kivumishi chenye maana ya jasiri. *Proud* nalo lina asili hiyohiyo. Lilipoingia Kiingereza lilimaanisha ushujaa wa vitani, na maana ya ustadi ikakua baadaye juu ya ile ya kwanza. Harufu ya mapambano haijatoka. Mchezaji, mwindaji, mwanajeshi, hata mpishi anayesifiwa kwa *prowess*, anasifiwa kama mtu aliyeingia ulingoni akatoka mshindi.

Sasa, Kiswahili kina neno lenye maana hizohizo mbili: hodari. Askari hodari ni jasiri, na ni fundi wa kazi yake pia, hatutenganishi. Fundi hodari, mpishi hodari, msemaji hodari, yote yanakaa sawa. "Ushujaa" unambana mpishi. "Umahiri" ni mzuri, ila haujawahi kushika mkuki. Uhodari unabeba mikono na moyo kwa pamoja, nao tunao siku zote, tunauruka ili kuokota neno la jumla lisilosema lolote.

Kwenye *academic prowess* bado nasita. "Uhodari wa masomo" naukubali, ingawa kuna siku unanisikika kama barua ya mwalimu mkuu kwa mzazi, nami naandika "umahiri wa kitaaluma". Kesho yake naurudia ukurasa na kurudisha uhodari. Mara mbili nimeacha umahiri ukaenda kuchapwa, na zote mbili nikijua kwamba nilichokiacha nyuma ni ule moyo wa neno. "Uwezo wa kitaaluma" sijauacha hata mara moja.