Magari mawili yaliyochoka: libaki lipi?

Wengi wanaonijia na swali hili wana magari mawili ya zamani, uwezo wa kuhudumia moja tu, na jibu ambalo wameshalichagua kwa kutazama kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Mimi huanza kwa kulala chini ya kila gari nikiwa na tochi na bisibisi.

Injini hufunguliwa ikatengenezwa au ikabadilishwa, na gia boksi vilevile, lakini chasisi iliyoliwa na kutu hula fedha bila kushiba. Kwa mpini wa bisibisi nagonga kingo za chini ya milango, sehemu zinazoshikilia springi na shokomzoba, na pale yanapopita mabomba ya breki. Bati zima hulia kwa mlio mkavu. Lililooza hujibu kwa sauti ya kufifia, kisha ncha ya bisibisi huzama. Ikizama kwenye mhimili wa chasisi, gari hilo silitetei tena, hata kama injini yake inanguruma kwa raha.

Baada ya hapo nataka injini iliyolala usiku kucha bila kuwashwa, kwa kuwa injini yenye joto huficha mengi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja asubuhi kisha ukakatika, mara nyingi hutokana na sili za valvu, vipira vinavyozuia oili kupenya kwenye valvu, jambo la kuvumilika. Unaoendelea kila unapokanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni, pete zinazozuia oili kupanda ndani ya silinda, na hiyo ni kazi kubwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, hunifanya nishuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Nikipima mgandamizo, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, silinda moja iliyo chini sana kuliko wenzake hunitia wasiwasi zaidi kuliko zote zikiwa zimeshuka kidogo kwa pamoja.

Na kilomita je? Gari lenye kilomita 240,000 za safari ndefu, lililobadilishwa oili kwa wakati, laweza kuwa na injini nzima kuliko lenye 90,000 za kwenda dukani na kurudi, kwa sababu katika safari fupi oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu na petroli iliyochanganyika nayo. Isitoshe, mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, una kikomo cha kilomita na pia cha miaka, na ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu.

Hapo ndipo mwenye gari husema, "Lakini hili nimelifungia shokomzoba mpya juzi tu." Fedha hiyo imekwenda, na hairudi kwa kulibakiza gari. Shokomzoba hizo zina thamani ya jambo moja tu, kwamba hatazinunua tena karibuni, kwa hiyo namwomba aandike kwenye karatasi kile ambacho kila gari litadai katika miaka 2 ijayo, spea pamoja na ufundi. Karatasi hizo zikikaribiana, nachagua gari ambalo spea zake hupatikana bila kuagizwa mbali na ambalo mwenyewe ana daftari la matengenezo, hata likiwa na madoa ya grisi.